Ukuta wa Idara ya Vibao: Sare ni ya Mwenye Cheo

Mlango tuliouacha wazi Jumamosi iliyopita bado uko wazi, na aliyesimama mlangoni bado amesimama. Ni Mkuu wa Idara ya Vibao mwenyewe, kikombe cha chai mkononi, na amesikia kila neno.

Kwa wale ambao jirani aliazima gazeti lao na hajalirudisha hadi leo, maneno yenyewe yalikuwa haya. Tarishi, mtu mzima mwenye wajukuu wawili na mdomo usio na breki, alikuwa amesimama katikati ya chumba cha mikutano akiwaambia wenzake:

"Huyu Mkuu hajawahi kutufunga penalti hata moja ya haki. Sisi ndio tunajifungisha!"

Kicheko kilikatika ghafla. Mmoja akajifanya anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Mwingine akaanza kusoma kalenda ya mwaka juzi kwa makini ya ajabu.

"Endelea, Tarishi," Mkuu alisema taratibu. "Mnajifungisha vipi?"

Tarishi akaanza kupangusa begi lake la barua, lililokuwa safi.

Ngoja niseme mimi, maana siko kwenye orodha yao ya mishahara. Miaka miwili iliyopita idara ilinunua televisheni pana na gemu la mpira, vikabandikwa karatasi ya "Kifaa cha Mafunzo ya Watumishi". Tangu siku hiyo, kila saa ya chakula cha mchana, Mkuu hucheza penalti na watumishi wake. Na kila mtumishi mpya, kabla hajaoneshwa choo, hufundishwa mambo mawili.

La kwanza: ukipiga wewe, bonyeza kitufe mpaka mstari wa nguvu uwe mwekundu, mpira upae juu ya mwamba. La pili: akipiga Mkuu, mwangalie mwili. Mkuu akitaka kupiga kushoto, hulalia kushoto na kiti chake, bega na ulimi. Akitaka kulia, hulalia kulia. Wewe basi mrushe kipa wako upande wa pili, halafu useme "Aa! Mkuu hashikiki."

Ndivyo walivyomvika kilemba cha ukoka mpaka kikamkaa sawasawa. Wakamwita Ukuta. Akaamini, na akaagiza kikombe cha chai chenye jina hilo. Hicho alichoshika.

"Nauliza tena," alisema Ukuta, na chai ikaanza kumwagika kwenye sahani. "Nani hapa amewahi kunifanyia hisani?"

"Mhasibu!"

Mhasibu aliruka kutoka kwenye kiti. Huyu ni mtu ambaye Mkuu akipiga chafya ofisini kwake, yeye anapangusa pua korido ya pili. "Mimi, Mkuu? Mimi hucheza kufa na kupona! Nikifika nyumbani mke wangu hunikanda mabega!"

"Vizuri." Mkuu aliweka kikombe mezani. "Leo ndiyo leo. Nataka mtu mmoja acheze na mimi kwa haki. Akinishinda, nampa anachotaka, mradi kiko ndani ya uwezo wa kalamu yangu. Nani?"

Watu kumi na mmoja walitazama dari. Nani achezee ugali wake? Kumshinda Mkuu ilikuwa sawa na kujiandikia mwenyewe barua ya kwenda kituo cha mwisho wa barabara, kule ambako idara haijawahi kupeleka kibao hata kimoja.

Hapo faili likawekwa mezani, pu!

"Mimi nitacheza, Mkuu."

Alikuwa Mama Masjala.

Msomaji mpya, huyu ndiye mwanamke anayetunza masjala. Kila barua inayoingia na kutoka inapita kwake, muhuri uko kwenye mtoto wa meza yake, na ufunguo wa mtoto huyo wa meza uko shingoni mwake. Miaka thelathini kazini, hajawahi kupandisha sauti. Gemu hilo hajawahi hata kulisogelea. Saa ya chakula hukaa kwenye kona akipanga mafaili.

Lakini kuna barua moja ambayo ilikuwa haijarudi mikononi mwake. Ni yake mwenyewe. Barua ya uhamisho, ilikuwa na miezi kumi na moja kwenye meza ya Mkuu, chini ya kikombe cha Ukuta, na ilikuwa na duara nne za chai. Alitaka kwenda mji alioko mumewe, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mumewe, dereva mstaafu, alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea, na tangu hapo anauguzwa na dada yake. Sasa wifi huyo ametuma ujumbe: "Wifi, mimi mwisho wa mwezi narudi kwa wanangu. Nimejitahidi. Njoo umchukue mumeo."

Leo ni tarehe ishirini na saba.

"Wewe?" Mkuu alicheka. Alipocheka, wote wakacheka, kwa mazoea. "Mama, hii si mashine ya kupiga chapa."

"Naona, Mkuu."

"Ukinishinda unataka nini?"

"Saini yako kwenye barua yangu."

"Na nikikushinda?"

Mama Masjala alilinyoosha lile faili. "Sitakukumbusha tena. Mpaka nistaafu."

Tarishi alijua mdomo wake ndio uliomfikisha mama wa watu hapa.

Mhasibu tayari alikuwa ameshasimama chini ya kanuni zilizobandikwa ukutani. "Penalti tano kwa tano!" alisoma kwa sauti. "Na kanuni ya nne nawakumbusha wote: ikiwa ni sare, mshindi ni mwenye cheo kikubwa zaidi."

"Wanawake kwanza," alisema Mkuu, akajikalisha.

Mama Masjala alivaa miwani. Akaishika ile rimoti ya gemu kwa mikono miwili. Akasukuma kijiti kidogo tu, akagusa kitufe, akaachia.

Mpira ukaenda kona ya chini kama barua inavyoingia kwenye bahasha. Kipa wa Mkuu alikuwa bado anajipanga.

Moja bila.

"Bahati," alisema Mkuu.

Zamu yake ikafika. Alilalia kushoto mpaka kiti kikalia. Chumba kizima kilijua, hata feni ilijua. Kwa miaka miwili kipa alirushwa kulia.

Mama Masjala akamrusha kushoto. Mpira ukatua kifuani mwa kipa.

Nani aliwahi kusikia watu kumi na mmoja wakishangilia bila kutoa sauti? Walishangilia hivyo. Mmoja aling'ata tai yake.

Wanashangaa nini? Mtaalamu wa viungo aliyemtibu mume wa Mama Masjala alisema vidole vya kulia vinataka kazi, na binamu mmoja akaleta gemu kuukuu. Likizo nzima iliyopita, Mama Masjala na mumewe walikaa sebuleni wakipigiana penalti tangu chai ya asubuhi mpaka jua la utosi. Mkono mgonjwa hauna mpango. Mzee alitaka kupiga kulia, kidole kikateleza, mpira ukaenda kushoto. Ukibahatisha kwake, umekwisha. "Usiruke mapema, mama," mzee alikuwa akimwambia kwa ulimi uliokuwa bado mzito. "Subiri mguu."

Aliyejifunza kusubiri mkono ule, Mkuu anayelala na kiti kizima atamsumbua nini?

Penalti ya pili, Mama akafunga juu kabisa, palipo na buibui. Mkuu akalalia kulia, ukadakwa.

Mbili bila.

"Rimoti hii mbovu!" Mkuu alifoka. Wakabadilishana. "Kiti hiki kinayumba!" Wakabadilishana. "Nani amefungua pazia? Mnanimulika macho!" Pazia likafungwa.

Hapo Mhasibu akainama, akamnong'oneza Mkuu sikioni. Mimi nilisikia, na nawaambia: "Mkuu, samahani sana, nisamehe kabisa, lakini... unalala."

"Nalala?"

"Unalalia unakopiga, Mkuu. Wote tunajua."

Mkuu aligeuka akamtazama. Penalti zaidi ya elfu moja ziliporomoka kichwani mwake, moja baada ya nyingine. Nilimwonea huruma kidogo, sitaficha. Kisha akaketi wima, mgongo umenyooka kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Penalti ya tatu. Mama Masjala anabonyeza kitufe...

Mlango ukagongwa, ukafunguliwa kabla mtu hajajibu.

"Habari za kazi!"

Alikuwa Mkaguzi kutoka makao makuu, mkoba kwapani, siku tatu kabla ya siku aliyotarajiwa. Kidole cha Mama kikaganda juu ya kitufe. Mstari ukawa mwekundu. Mpira ukapaa, ukaenda zake kwa watazamaji.

Watumishi wote walisimama. Mmoja akajaribu kuifunika televisheni kwa kitambaa cha meza.

"Acheni, acheni!" Mkaguzi akavuta kiti, macho yamemtoka. "Nimekuja kwa ajili hiyo hiyo. Endeleeni!"

Mkuu, wima, mkavu, akapiga. Mama hakuwa na pa kusoma. Goli. Mbili moja.

Penalti ya nne, Mama akajikaza kisabuni, akafunga. Mkuu naye akafunga, akiwa ameyabana magoti yake yasimponze. Tatu kwa mbili.

"Sasa nisikilizeni," Mkaguzi akainua mkono. "Makao makuu yanaunda timu ya gemu ya watumishi wa umma. Kambi ya mwaka mmoja, kule kwetu. Mkuu hapa ameandika kwenye taarifa zake zote kwamba hajashindwa miaka miwili. Nilikuja kumchukua yeye. Lakini naona mambo! Basi, atakayeshinda hapa, naondoka naye Jumatatu. Na huyo hahamishwi popote. Ni mali ya makao makuu."

Wenye akili walipiga hesabu haraka, na wenye moyo wakashika tama.

Mama Masjala akishindwa, barua yake inabaki chini ya kikombe. Akishinda, anapelekwa kambini, upande mwingine kabisa wa nchi, mwaka mzima. Na tarehe thelathini wifi anafunga mizigo. Macho yalimjaa machozi nyuma ya miwani. Aliivua, akaifuta kwa kanga ya begani, akaivaa tena.

Mkuu alikuwa ameona. Si mjinga kwenye mambo yanayomhusu. Akainama kama anayeokota kalamu.

"Mama," akanong'ona. "Niachie hizi mbili za mwisho. Kosa yako, niachie yangu. Itakuwa sare, na sare ni yangu. Mimi niende kambini. Nitasaini barua yako kesho."

"Saini kwanza."

"Mbele ya Mkaguzi?"

"Mkuu, barua imekaa miezi kumi na moja. Kesho yako naijua."

Mkuu akakohoa. "Mheshimiwa, samahani, kuna jambo la dharura la kiofisi. Haliwezi kusubiri."

"Ndivyo kiongozi anavyotakiwa kuwa," Mkaguzi alisema kwa kuridhika.

Barua ililetwa, na duara zake nne za chai. Mkuu akasaini. Mama Masjala akatoa ufunguo shingoni, akaenda masjala, akarudi na muhuri na kitabu cha barua zinazotoka. Akagonga muhuri. Akaandika namba.

"Tarishi. Peleka kwenye basi la saa nane, iende mji ninaohamia. Usisimame kusalimiana na mtu."

Tarishi aliitia barua kwenye begi na kutoka nduki. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe hakusema neno.

Hapa lazima niwaeleze jambo moja la Idara ya Vibao. Upo waraka unaosema kwamba barua yenye saini, muhuri na namba, ikishavuka geti, hairudishwi mpaka kiitwe kikao. Kikao cha mwisho kuitwa ni cha kujadili kibao cha geti la idara yenyewe, kilichoanguka. Hiyo ni miaka mitatu, na kibao kingali chini.

Kwa hiyo: geti tu. Barua ivuke geti.

"Tuendelee!" alisema Mkaguzi.

Mama Masjala ni mtu wa neno lake. Aliahidi, akatimiza. Alibonyeza kitufe mpaka mstari ukawa mwekundu, mpira ukapaa. Bado tatu kwa mbili.

Ikabaki penalti moja, ya Mkuu. Akifunga ni sare, na sare ni yake.

Kazi ya Mama ilikuwa ndogo. Mkuu akilalia kushoto, yeye aruke kulia, kama wote walivyofanya miaka miwili. Akakaa tayari. Akasubiri.

Lakini fikirieni kichwa cha Mkuu. Huyu ni mtu aliyegundua nusu saa iliyopita kwamba kila aliyemchekea alikuwa anamdanganya. Leo ataamini zawadi? "Barua ameshaipata," aliwaza. "Kwa nini aniachie? Atanidaka ili anidhalilishe. Basi na mimi nimchezee akili."

Na hivyo, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Ukuta akatumia ujanja. Akalalia kushoto. Akalala hasa, kiti kikalia, ulimi ukatoka kushoto.

Akapiga kulia.

Mama Masjala, kwa nia njema kabisa, alikuwa tayari amemrusha kipa kulia.

Mpira ukaingia mikononi mwa kipa wenyewe, kama umetumwa.

Mama Masjala aliitazama rimoti kama imemtukana. "Mkuu!" alisema. "Nilikuachia! Nilikuachia kabisa!"

Hata hivyo hakuna aliyemsikia, kwa sababu chumba kililipuka. Watu waliosahau sauti zao kwa miaka miwili walizikumbuka zote kwa pamoja. Kikombe cha Ukuta kilianguka, mpini wake ukavunjika.

Mkaguzi alikuwa amesimama juu ya kiti. "Nimepata kipa! Mama, Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi gari litakuwa mlangoni kwako!"

"Siwezi, mheshimiwa. Mume wangu ni mgonjwa."

"Tutamtumia kadi ya pole."

"Mimi nimehamishwa. Barua imesainiwa."

Hapo ndipo Mhasibu, ambaye tayari alikuwa amehamisha mapenzi yake kutoka kwa Mkuu kwenda kwa Mkaguzi, akatia mdomo. "Mheshimiwa, imesainiwa ndiyo, lakini haijavuka geti! Tarishi anahangaika na pikipiki yake. Ile haiwaki chini ya mateke sita!"

Wote wakakimbilia dirishani. Chini uani, Tarishi alikuwa juu ya pikipiki ya idara, begi mgongoni.

Teke la kwanza. Kimya.

"Mleteni hapa na hiyo barua!" Mkaguzi akaruka kutoka kwenye kiti, akaelekea mlangoni.

Mlangoni akamkuta Mkuu.

Ndiyo, Mkuu. Alikuwa amefikiri haraka kuliko siku zote. Mama akienda zake kwa mumewe, nani mwingine atakwenda kambini? Akapanua mikono, akajaza mlango. "Mheshimiwa, haiwezekani uondoke bila chai!"

"Nipishe!"

"Kikombe kimoja tu!"

Chini: teke la pili. La tatu. Moshi kidogo.

Mkaguzi akaenda kushoto, Mkuu akaenda kushoto. Akaenda kulia, Mkuu akaenda kulia. Watumishi waligeuka kutoka dirishani. Hawakuamini macho yao. Ukuta alikuwa anazuia!

"Simama imara, Mkuu!" mtu alipaza sauti, na safari hii hakuwa anajipendekeza.

Mkaguzi akalalia kushoto, bega, mkoba na vyote. Mkuu akajitupa kushoto kwa uwezo wake wote.

Mkaguzi akapita kulia.

Viatu vyake vilisikika kwenye ngazi, gorofa ya pili, gorofa ya kwanza.

Teke la nne. La tano. Pikipiki ilikohoa, ikazima. Tarishi akatazama juu dirishani, uso umemlegea, kama mtu anayeomba msamaha.

Mama Masjala alikuwa ameshika nondo za dirisha kwa mikono yote miwili. Alimwona mlinzi wa geti akigeuka. Alimwona Mkaguzi akitokea mlango wa chini, mbio, tai begani. Miaka thelathini hajawahi kupandisha sauti kwenye jengo lile.

"PIGA!"

Teke la sita. Pikipiki ikanguruma, ikaruka mbele.

Na mlinzi, alipomwona mkubwa anakuja mbio, akafanya alichofundishwa kufanya kila anapomwona mkubwa. Akasimama wima, akapiga saluti kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto akaanza kulifunga geti, asitoke mtu.

Itaendelea Jumamosi ijayo.